Uliza Mwalimu: Mnara wa Accrington na majina yake 865

Barua ya kwanza

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi, naendesha basi huku Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Njia yangu inapita Accrington, barabara ya Manchester, ubavuni mwa bustani ya Oak Hill ambamo kuna mnara wa vita. Siku ya mapumziko niliingia kuutazama. Majina hayaishi! Kuna jina la ukoo unalikuta mara tatu, mara nne. Na mji wenyewe ni mdogo, ukiondoa timu yao ya mpira nani anaujua? Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akaniambia kikosi cha vijana wa hapa, ambacho wao hukiita Pals, yaani Maswahiba, kiliangamia kwa nusu saa. Ni kweli, au ni chumvi ya wazee? Ilikuwaje mji mmoja upeleke vijana wake kundi moja? Na watu hawa walipata kufika kwetu Afrika Mashariki?

*Dereva, Accrington*

Marahaba mwanangu, na pole na baridi. Mnara huo nimeuona kwa macho yangu nilipokwenda kumwangalia binti yangu aliyejifungua Blackburn. Mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida yao, na mkwe wangu alinishikia mwavuli huku akiniuliza bibi mzima nasoma nini muda wote huo. Nilikuwa nasoma majina. Nimefundisha historia Muheza na Tanga mpaka nikastaafu, na sijawahi kuupita mnara wa vita bila kuusoma wote.

Mzee wako hakukutania. Ila nusu saa yake inataka maelezo, na yale majina 865 yanataka maelezo zaidi, maana hata Waingereza wenyewe huchanganya kikosi na mnara. Kikosi kilikuwa na watu wengi wasio wa Accrington, na mnara una watu wengi wasio wa kikosi.

Nianze na kikosi. Agosti 1914 Uingereza iliingia vitani na jeshi dogo la watu wa mshahara. Sheria ya kumkamata mtu na kumpeleka jeshini haikuwepo. Ilikuja Januari 1916. Waziri wa Vita, Lord Kitchener, alitaka watu laki kwa laki wajitolee wenyewe. Kule Liverpool, Lord Derby akagundua jambo ambalo kila aliyewahi kuchangisha watu wa harusi analijua: mtu husita kwenda peke yake, lakini ukimwambia wenzake wa ofisini wanakwenda, na kwamba watalala hema moja na kupigana bega kwa bega, anachukua kofia yake. Liverpool wakajaa. Miji mingine ikaona wivu: Manchester, Leeds, Bradford, Sheffield, Barnsley. Kila mmoja ukataka kikosi chake.

Accrington wakati huo ilikuwa na watu 45,000 hivi. Meya wake, John Harwood, aliiandikia Wizara ya Vita kwamba mji wake utatoa batalioni nzima. Hakuna mji mdogo kuliko huo uliowahi kuahidi kitu kama hicho. Uandikishaji ulianza tarehe 14 Septemba, na kwa siku kumi tu kikosi kilikuwa kimejaa, watu kama 1,100. Jeshini kiliitwa Batalioni ya 11 ya Rejimenti ya East Lancashire. Mitaani kiliitwa Accrington Pals.

Vitabu vya shule vitakwambia walisukumwa na uzalendo. Ulikuwepo, sikatai. Lakini Lancashire iliishi kwa pamba, na vita vilipoanza biashara ya pamba ilianguka, viwanda vya kufuma vikafunga au vikapunguza siku za kazi. Hapo Accrington palikuwa na kiwanda kikubwa cha kutengeneza mashine za kusokota nyuzi, Howard & Bullough, na tangu Julai mwaka huohuo wafanyakazi wake maelfu walikuwa nje kwa mgogoro wa kazi. Jeshi lilikuwa linatoa shilingi moja kwa siku, chakula, viatu, na posho kwa mke aliyebaki nyumbani. Mzalendo na mwenye njaa ukiwapanga foleni moja huwezi kuwatofautisha.

Sasa sikiliza jinsi walivyogawanywa, kwa sababu siri ya majina ya ukoo yanayojirudia imo humo. Batalioni ilikuwa na kombania nne. Moja ilikuwa ya vijana wa Accrington yenyewe. Ya pili ya vijiji na miji ya jirani, Rishton, Great Harwood, Oswaldtwistle, njia ambazo bila shaka unazipita na basi lako. Ya tatu ilitoka Chorley, na ya nne Burnley. Kwa hiyo kusema "Accrington" ni kufupisha mno. Watu wa Chorley walikaa miaka mingi wakiona vijana wao wanaitwa kwa jina la mji wa wenzao, mpaka mwaka 2010 wakasimamisha sanamu yao wenyewe ya askari wa kombania yao. Nawaelewa kabisa. Kwetu nako mtu wa Pangani hapendi kuitwa wa Tanga.

Ndani ya kombania mlikuwa na ndugu, mabinamu, watu wa kiwanda kimoja, wa kanisa moja, wa timu moja. Mafunzo yaliwachukua zaidi ya mwaka: Caernarfon kule Wales, kisha makambi mengine ya Uingereza. Desemba 1915 wakapakiwa melini kwenda Misri kulinda Mfereji wa Suez, wakaona ngamia na mchanga, na Machi 1916 wakapelekwa Ufaransa. Mpaka hapo walikuwa karibu hawajapigana.

Jumamosi ya tarehe 1 Julai 1916 ndiyo siku aliyokuambia mzee. Ilikuwa siku ya kwanza ya mapigano ya mto Somme. Kazi ya Pals ilikuwa kuteka kijiji kinachoitwa Serre, juu ya kilima. Mbele ya kilima palikuwa na vichaka vinne ambavyo Waingereza waliviita Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Kwa wiki nzima kabla ya siku hiyo mizinga ya Waingereza ilikuwa imepiga usiku na mchana, na majenerali waliamini hakuna kiumbe kilichobaki hai upande wa pili na kwamba seng'enge yote imekatika. Seng'enge haikukatika. Wajerumani walikuwa chini ya ardhi, kwenye mahandaki marefu, na mizinga iliponyamaza walipanda juu na bombomu zao wakakaa wakingoja.

Pals walitoka handakini saa moja na nusu asubuhi, jua limeshapanda, wakapandisha kilima kwa mwendo wa kutembea, kwa safu, kama walivyoamriwa. Kati ya watu 720 hivi waliotoka, 584 waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena. Waliokufa ni kama 235. Kwa hiyo mzee anaposema kiliangamia, ni kweli kwamba kama kikosi cha kupigana kilikwisha, na sehemu kubwa ilikwisha ndani ya nusu saa ya kwanza. Lakini wapo waliorudi, wengi wao wakiwa majeruhi, na batalioni yenyewe ilijazwa watu wapya kutoka kwingine ikaendelea mpaka mwisho wa vita. Wachache walifika mpaka ndani ya Serre. Hao hawakurudi hata mmoja. Kijiji hakikutekwa siku hiyo wala mwaka huo. Wajerumani walikiacha wenyewe Februari 1917, na ndipo miili iliyokuwa imelala pale tangu Julai ilipokusanywa na kuzikwa.

Siku hiyo moja jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470, kati yao 19,240 walikufa. Sheffield na Barnsley walikuwa pembeni ya Accrington kwenye kilima hichohicho na yaliwapata yaleyale.

Nyumbani magazeti yalikuwa yanaandika kwamba mambo yanakwenda vizuri. Hayo ndiyo yanayonikera kuliko takwimu. Kwa siku kadhaa mji mzima ulikaa bila habari rasmi, huku barua za majeruhi zikianza kuingia kutoka hospitalini, moja moja, mwanamke anamsomea jirani ukutani. Inasimuliwa kwamba treni ya majeruhi ilisimama kidogo kituoni na askari mmoja akapiga kelele dirishani kwamba Maswahiba wa Accrington wamekwisha. Inasimuliwa pia kwamba watu waliizunguka nyumba ya meya wakitaka aseme ukweli, wakidhani anaujua anauficha. Kisha gazeti la mji likaanza kuchapa picha za vijana, ukurasa baada ya ukurasa, na katika mitaa mingine karibu kila nyumba ilishusha mapazia. Hapo ndipo hekima ya Lord Derby ilipogeuka. Waliojiandikisha pamoja walikufa pamoja, na msiba ambao ungesambaa nchi nzima ukashuka kwenye mitaa michache kwa asubuhi moja. Baadaye jeshi liliacha kuunda vikosi vya namna hiyo.

Sasa mnara. Ulifunuliwa tarehe 1 Julai 1922, miaka sita kamili, na ikatokea kuwa Jumamosi tena. Aliyeuchora ni Reginald Blomfield, msanifu majengo mkubwa wa zama zile; ndiye aliyechora lango la Menin kule Ypres na msalaba wa mawe wenye upanga unaouona katika makaburi ya vita ya Waingereza dunia nzima, hata Dar es Salaam. Sanamu ya mwanamke mwenye majonzi ilichongwa na Herbert Tyson Smith wa Liverpool. Majina 865 ni ya watu wa mji waliokufa katika vita vyote vya 1914 mpaka 1918, wa Pals na wasio wa Pals: mabaharia, watu wa mizinga, waliokufa Gallipoli, waliokufa kwa majeraha kitandani. Ya Vita vya Pili yaliongezwa baadaye.

Swali ambalo hukuliuliza, mwanangu, ila ndilo kiini: kwa nini mji uandike majina yote hayo wakati watu hawa wana makaburi Ufaransa?

Ni kwa sababu hawakurudishwa. Mwaka 1915 jeshi la Uingereza lilipiga marufuku kurudisha maiti nyumbani. Kabla ya hapo familia zenye fedha na jina zilikuwa zinafukua wana wao na kuwaleta kwa gharama zao. Mjukuu wa aliyekuwa Waziri Mkuu Gladstone aliletwa hivyo mwaka huohuo. Wakubwa wakaona si haki mtoto wa tajiri alale kwao na mtoto wa mfumaji abaki kwenye matope. Ikaamuliwa wote wabaki walipoangukia, kila mmoja na jiwe la kipimo kilekile, jenerali na askari wa kawaida. Mimi naiona ni moja ya amri chache za haki zilizotoka katika vita vile. Lakini kwa mama wa Accrington ilikuwa na maana kwamba hakuna jeneza, hakuna maziko, hakuna mahali pa kwenda Jumapili na maua. Wazazi waliandika barua, wakaunda hata chama cha kudai maiti zao, na serikali ikakataa. Kusafiri mpaka Ufaransa mfuma nguo hakuweza. Na wengi wa waliokufa Serre hawakupata hata kaburi lenye jina. Wamo kwenye lile tao kubwa la Thiepval pamoja na wenzao zaidi ya 72,000 ambao miili yao haikujulikana.

Kwa hiyo mji ulijenga. Minara hii, na iko makumi ya maelfu Uingereza nzima, haikujengwa na jeshi wala serikali kuu. Kamati za miji zilipita na vitabu vya michango, watu wakatoa shilingi zao, na familia zikahakikisha jina halikosewi herufi. Ndiyo sababu jina linaandikwa. Aliyetoa mchango anataka kumwona mwanawe. Karibu kila kijiji kina mnara. Wamevihesabu vijiji vya England na Wales ambavyo wote waliokwenda walirudi salama, vikafika hamsini na kitu tu.

Ukipata likizo na ukiwa na viza ya Ufaransa, nenda Serre. Mahali walipotokea Pals sasa ni bustani ndogo ya miti, mashimo ya mizinga bado yanaonekana chini ya majani, na kuna ukuta wa ukumbusho wa Accrington wa mwaka 1991 uliojengwa kwa matofali mekundu yaliyotoka kwao. Matofali ya Accrington ni magumu na yanasifika. Nyumba nyingi unazozipita kila siku zimejengwa kwayo.

Mwisho wa maswali yako: Pals hawakufika kwetu, Suez ndiyo ilikuwa mwisho wao upande huu. Lakini majirani zao walifika, tena mapema. Batalioni ya 2 ya Loyal North Lancashire, ambao makao yao yalikuwa Preston, mwendo wa basi kutoka kwako, walishuka Ras Kasone, Tanga, mwanzoni mwa Novemba 1914. Hao hawakuwa watu wa kujitolea wa mji mmoja, walikuwa askari wa kazi waliotolewa India pamoja na vikosi vya Kihindi, jumla watu kama 8,000. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliotutawala wakati huo, aliwapokea na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Wavamizi walipigwa mpaka wakarudi melini na kuacha bunduki, risasi na bombomu ufukweni. Nyuki nao waliingia vitani, baada ya risasi kupasua mizinga yao ya asali iliyotundikwa mitini, na kwetu Tanga mtoto yeyote atakusimulia sehemu hiyo kabla ya nyingine zote. Nimeona Waingereza wakiandika kwamba Wajerumani waliwatega nyuki kwa makusudi. Nyuki wa Tanga hawapokei amri ya mtu.

Barua ya pili

Mwalimu, nimepita mbele ya sanamu ya Askari hapa Posta maisha yangu yote na sijawahi kuona jina hata moja. Wenzetu Ulaya naona wanaandika kila mtu. Sisi hatukuwa na majina?

*Msomaji wa Kariakoo, Dar es Salaam*

Tulikuwa nayo, mwanangu, na wewe anwani yako yenyewe ni ushahidi: Kariakoo ni kambi ya Carrier Corps, wapagazi wa jeshi, jina likabaki baada ya wenyewe kuondoka.

Sanamu ya Askari ilisimamishwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Kabla yake, pale palikuwa na sanamu ya gavana Mjerumani, Wissmann, ambayo Waingereza waliing'oa walipouteka mji mwaka 1916. Maandishi yako kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na yanawataja askari, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliokufa kwa kumtumikia mfalme. Mstari wa mwisho, unaohesabiwa kuwa wa mshairi Mwingereza Rudyard Kipling, unaahidi kwamba ukipigania nchi yako hata ukafa, wanao watalikumbuka jina lako.

Usome mstari huo umesimama pale, kisha ulitafute jina. Nairobi, barabara ya Kenyatta, ni hivyohivyo: askari watatu wa shaba, hakuna jina.

Usiniambie ilikuwa kwa sababu hawakujua kuandika majina ya watu. Katika makaburi ya vita ya Dar es Salaam kuna ukumbusho wenye majina ya Waingereza na Wahindi waliokufa katika vita hivihivi. Nairobi nako upo. Utaratibu wa jiwe sawa kwa kila mtu niliomsifu hapo juu uliishia kwenye rangi ya ngozi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu yake yenyewe na kuomba radhi. Ripoti inasema watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ndani yake imo habari ya gavana wa kwanza Mwingereza wa Tanganyika, Horace Byatt, aliyetaka makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingine, yaachwe yarudi porini haraka iwezekanavyo. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikaribia laki moja. Waliuawa zaidi na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi.

Na hapa ndipo Accrington inaponifundisha kitu. Kule jina liliandikwa kwa sababu meya alikuwa jirani, aliweza kuzungukwa nyumbani kwake usiku, na kamati ya mnara ilikuwa ya watu wa mji wenyewe. Hapa sanamu iliagizwa London na watu ambao mama wa mpagazi wa Iringa asingeweza hata kuwafikia mlangoni. Mpagazi mwenyewe hakujitolea. Alitolewa na jumbe, au alikamatwa njiani. Mishahara ya wengi waliokufa haikulipwa kwa ndugu zao, na asiyelipwa hakuna anayehangaika kutunza orodha yake.

Kuna jambo jingine Waingereza hawakulitaka juu ya sanamu ile: wanaume wengi wa Dar es Salaam na Tanga walipigana upande wa Mjerumani. Mnara hauwahusu hata kwa fumbo.

Barua ya tatu

Mwalimu, kwa heshima zote, toleo zima unazungumzia maiti za wakoloni. Vijana wa Lancashire wana wa kuwalilia. Kwa nini tujisumbue?

*Kijana wa Kisumu*

Kwa sababu umeuliza kwa heshima nitakujibu kwa ufupi. Mfumaji wa Accrington aliyekwenda vitani kwa shilingi kwa siku hakuwahi kunitawala mimi. Mwenye kura ya Bunge katika mji ule mwaka 1914 hakuwa kila mtu, na wanawake hawakuwa nayo kabisa. Pamba aliyosokota ilikuwa ya wengine kama mkonge wa baba yangu ulivyokuwa wa wengine. Na bila kujua wao walidai nini kwa wafu wao, hutajua nini cha kudai kwa wa kwako. Barua ya pili hapo juu isingeandikika bila ya kwanza.

Barua ya nne

Shikamoo bibi. Babu wa baba yangu alikwenda Vita vya Kwanza akitokea Korogwe na hakurudi. Nikitaka kumtafuta nianzie wapi?

*Mjukuu, Muscat*

Marahaba mjukuu wangu. Tume niliyoitaja ina orodha kwenye intaneti, bure, unatafuta kwa jina. Jaribu tahajia zote, maana karani Mwingereza aliandika alivyosikia: Hamisi, Khamis na Amisi ni mtu mmoja. Kama alikuwa askari wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, una nafasi. Kama alikuwa mpagazi, nafasi ni ndogo. Tume imesema inaendelea kutafuta majina, kwa hiyo waandikie hata kama hukuyaona.

Kabla ya hapo ulizia nyumbani mambo matatu: alikuwa upande gani, alichukuliwa mwaka gani, na nani alimchukua. Aliyechukuliwa Korogwe mwaka 1915 alichukuliwa na Mjerumani. Aliyechukuliwa 1917 alichukuliwa na Mwingereza, na nyaraka zao haziko mahali pamoja. Kama ukoo wenu ni wa kanisa la UMCA, misheni ya Waanglikana, Magila au Korogwe, uliza daftari za ubatizo na maziko. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi mwaka 1916, na mapadri wa misheni ile walikuwa waandikaji wazuri. Kama mlikuwa Waislamu, waulize wanaosoma khitma ya ukoo. Katika familia nyingi za Bonde majina ya waliopotea vitani yanasomwa mpaka leo, na hapo ndipo nilipompata babu yangu mzaa mama, ambaye hayupo katika orodha yoyote ya Waingereza.

Barua mlizonitumia kuhusu askari wa Burma nimezipata zote. Zinasubiri toleo lijalo.